Nani Ataonja Kibuyu cha Marlène

Dzaleka, tarehe 8 Mei 2022

Gaspard mudogo wangu,

Mi Byamungu, miaka yangu ni makumi saba na sita. Nimepita vita ya kwanza ya kwetu, nimepita na ya pili. Nimepita kipindupindu ya kambi, wakati ule tulikuwa tunazika bantu bila sanduku. Niliendesha kamyo ya majani ya chai miaka kumi na tisa kwenye miteremko ya Bukavu, breki ikakatika mara mbili, na niko hapa. Nimezika bibi yangu, nimezika mutoto wangu Narcisse. Na hii korona yenu ilifika hata hapa Dzaleka, kambi yetu ya bakimbizi, ikapita mbele ya mulango wangu, ikaniangalia, ikaendelea na safari yake. Ninaanza na hiyo ili ujue ni mutu gani anakuandikia. Tena anakuandikia kwa mukono wake, si kama bazee bengine hapa banaombaka batoto ba shule.

Afya iko. Goti la kuume tu linasumbua wakati huu wa baridi. Mahindi tulivuna, si mingi. Kuku ni tano. Jirani yangu Epiphanie, ule mama anakuja kwenu Old Town kununua vitenge, njo ananileteaka habari, na njo analeta hii barua. Sikupiga simu juu we hushikake simu yangu. Tangu mwaka jana hushikake. Labda mashini yako ya kushona inapiga kelele sana.

Sasa neno lenyewe. Epiphanie ameniambia mujukuu wangu Marlène anaolewa na Cishahayo, mutoto wa muzee Zénon wa hapa hapa Dzaleka. Mahari italetwa kwako Area 23, tarehe 27 mwezi wa munane. Nimefurahi. Lakini hii habari ya damu yangu, juu ya nini naisikia sokoni, mbele ya ndizi za bantu? Marlène ni mutoto wa Narcisse, na Narcisse nilimuzaa mi. We ulimulea, sawa, alikuja kwako juu ya masomo. Nilikupa akae, sikukupa awe wako.

Kiisha Epiphanie akaongeza ya pili, akateremusha sauti: eti ni we utakaa mbele ya kibuyu na kuongea kwa jina la familia. Na eti umewaambia bakwe hakuna murija, kila mutu na kikombe chake, juu ya korona.

Gaspard! Kwetu kibuyu cha kasiksi, pombe yetu ya ndizi, kinakaa katikati, na murija ni moja. Mukubwa wa nyumba anavuta wa kwanza, bantu bote banamuangalia koo. Kiisha anamupa mugeni ule ule murija, bila kuupangusa. Hivyo njo mugeni anajua hakuna sumu ndani. Unajua bantu ba kwetu na habari ya sumu. Ukimupa muzee Zénon kikombe chake pembeni, atafikiri nini? Atafikiri umemupangia kaburi.

Korona iliisha. Serikali yenyewe imelegeza. Hapa kambini zile ndoo za kunawa mikono zimelala, ile ya kanisa mama moja anawekea maharagi. Na zile kashene za kufunga mudomo na pua, bapika pombe banachujia kasiksi, banasema inatoka safi kuliko kwa kitambaa. Njo mwisho wa korona huo, iko inachuja pombe.

Kiti cha mbele ya kibuyu ni changu, mi njo mukubwa. Nitakuja na koti langu la kijivu. Jibu haraka.

Mukubwa wako, Byamungu


Lilongwe, Area 23, 5 Juni 2022

Yaya Byamungu, mkubwa wangu,

Salamu katika Bwana, kwako na kwa majirani wote. Barua yako Epiphanie aliniwekea mkononi siku nyingi zilizopita. Nimechelewa kujibu, nilikuwa na sare za shule mbili. Marlène ni mzima, anakusalimu. Siku hizi anashona kola kunishinda mimi. Pole kwa goti. Tafuta yale mafuta ya mchaichai, ujipake jioni.

Tangu homa ile ya mwaka jana kifua changu bado si kile cha zamani. Kutoka stendi ya basi mpaka veranda ninaposhonea nilikuwa natembea mara moja, sasa napumzika mara mbili.

Umeandika korona iliisha. Hapa Old Town watu wanapita mbele ya meza yangu kutwa nzima bila barakoa, mimi peke yangu ndiye niliyeivaa. Vijana wa kabaza wakipita na baiskeli zao za kubeba abiria wananiita “Daktari! Daktari, tuandikie dawa!” Nawajibu zikomo, asanteni, tunacheka. Mwezi uliopita mwalimu mmoja, mteja wangu, aliniambia: “Fundi, toa hicho kitu usoni, watu watafikiri unaumwa wewe.” Wiki mbili hazijapita akarudi na kitambaa cheusi, nimshonee. Mama yake alifariki. Nikamuuliza aliumwa nini. Akasema, uzee.

Kuhusu kiti. Marlène mwenyewe ndiye aliyeniomba niongee. Sikumtuma. Na vikombe pia ni yeye alisema, kabla mimi sijafungua mdomo. Utakuja, na utakaa upande wangu wa kuume, wageni wote wakuone. Kuhusu sumu, nitachota kwa kata mbele ya macho yao na nitakunywa wa kwanza. Nadhani hiyo itatosha.

Tangu mke wangu Fidès atutoke sijanywa na mtu mrija mmoja, na sitakunywa. Usiniulize zaidi ya hapo, yaya.

Mdogo wako, Gaspard


Dzaleka, tarehe 19 Juni 2022

Gaspard,

Niko muzima. Kuku ni tano bado. Mafuta ya muchaichai sitaki, goti langu si la bibi muzee.

Upande wako wa kuume! Asante sana. Kama mugeni wa heshima, kama député wa bunge. Mi niliyekufundisha kuvaa suruali!

Acha nikuambie namna ninaishi hapa. Nikienda kwenye bomba la maji, bamama banasema, “Muzee, mudogo wako alitushonea kashene bure wakati ule mubaya, Mungu amubariki.” Nikienda kanisani, katekista ananishika mukono: “Na papa Gaspard hajambo?” Hata ule mugeni alifika kambini juzi kutoka Uvira alinisalimu hivi: “Aa, we ni kaka ya Gaspard fundi.” Kaka ya Gaspard! Miaka makumi saba na sita, kamyo miaka kumi na tisa, na jina langu sasa ni kaka ya Gaspard. Hakuna mutu ananiulizaka mi nilifanya nini.

Na Marlène. Yeye nilimubeba kwenye mabega siku tatu, wakati tulikimbia, we ulikuwa ulishatangulia Kigoma. Alinikojolea shingoni. Leo anakuita papa, na mi ananiita muzee. “Shikamoo muzee.” Kama anasalimu mulinzi wa mulango.

Kwa hiyo nimefanya jambo, na nakuambia wazi juu mi sijifichake. Nimeenda kwa muzee Zénon, ni nyumba kumi tu kutoka hapa. Tukakaa. Nikamuambia, “Muzee, siku ile ukifika Area 23 na usipopewa murija, usikae. Rudi na mbuzi bako. Mutu asiyekunywa na we hakupendi.” Akasema, “Byamungu, unaongea kama mukubwa.” Umesikia? Kama mukubwa. Hakuna mutu aliniambia neno hilo mwaka mzima.

We unakumbuka Bonane, sikukuu ya mwaka mupya, ya 2021, kwako? Ile njo ilikuwa familia. Fidès alinitolea kiti cha mbele mwenyewe, akasema yaya kaa hapa. Mi njo nilionja. Nilikuwa nakohoa kidogo, vumbi tu ya barabara ya Dowa, na tulikunywa bote murija moja mpaka kibuyu kikalia. Hakukuwa Daktari pale. Tulikuwa bantu.

Kiti ni changu.

Byamungu


Lilongwe, Area 23, 24 Julai 2022

Yaya,

Natumaini uko salama. Sisi tupo.

Barua yako imekaa kwenye sanduku la mashine mwezi mzima. Kila nikitafuta uzi naiona.

Uliandika vumbi ya barabara ya Dowa. Ilikuwa mwezi wa kwanza, yaya. Mvua ilikuwa inanyesha siku ya nne. Ulishuka kwenye basi suruali imelowa mpaka magotini, Fidès akakupa ya kwangu ubadilishe. Vumbi gani?

Sikutaka kuandika haya. Umeandika wewe, basi na mimi niandike, mara moja tu.

Fidès aliomba kikombe. Alisema, “Yaya, wanasema redioni kila mtu na chake.” Ukacheka, ukasema mbele ya wageni, “Gaspard, sikia, bibi yako ananiita mchawi!” Wote wakacheka. Na mimi nilicheka. Kisha nikamgeukia nikamwambia, “Kunywa, mama, usituaibishe.” Hayo ni maneno yangu mimi, si yako. Akanywa. Marlène alikuwa amesimama mlangoni na sahani.

Siku ya tano homa. Tarehe 19 alikufa. Tulikuwa watu sita kaburini, na wanaume wa mazishi wamevaa plastiki, sikuwajua hata nyuso. Waliponiuliza kanisani aliumwa nini nilisema presha. Presha! Mwanamke aliyekuwa anapanda kilima na debe la maji kichwani. Nilisema presha kwa sababu ningesema lile lingine wangeuliza lilitoka wapi, na ningewajibu nini? Kaka yangu? Mimi?

Ulikuwa unapiga simu na mimi sishiki. Si kwa hasira, yaya. Nikisikia sauti yako nasikia na yangu inayosema kunywa.

Sasa Zénon ametuma mtu. Anasema hakuna mrija, hakuna ndoa, na kwamba wewe, mkubwa wa nyumba, ndiye umemfungua macho. Cishahayo amekuja hapa amekaa kwenye ngazi, hawezi kumjibu baba yake. Marlène siku mbili hajagusa chakula, hata nsima. Alisema neno moja tu: “Sitaolewa kwa kibuyu kile.” Anataka uje, yaya. Hataki uguse mrija. Hivyo vitu viwili anavitaka pamoja, na wewe umemwekea mtego katikati.

Gaspard


Dzaleka, tarehe 31 Julai 2022

Gaspard,

Kikohozi kilikuwa cha baridi basi, kama si vumbi. Bantu banakohoa. Nilikohoa kabla ya korona kuzaliwa, nitakohoa nyuma yake. Hapa kambini bote balikohoa ule mwezi na hakuna mutu aliandika barua.

Mi sikumutuma Zénon avunje ndoa. Nilimuambia habari ya desturi tu.

Kaa na kiti chako. Sitakuja. Nisalimie Marlène, au usinisalimie, fanya unavyotaka, unafanyaka hivyo.

Byamungu

Ile suruali yako iko hapa. Sikuirudisha. Nilifikiri utaiuliza.


Lilongwe, Area 18, 23 Agosti 2022

Yaya,

Andiko litakuwa baya, nimelala. Nimekutwa nayo. Ilianza Ijumaa, homa na pumzi fupi, walinipima kliniki Jumamosi. Mzee mmoja wa kanisa letu ana chumba cha nyuma hapa Area 18, amenipa nijitenge. Chakula wananiwekea mlangoni, wanagonga, wanakimbia. Yule mzee anawaambia majirani nina malaria. Amenifichia aibu, sijui aibu ya nini. Usiogope sana, nilichanjwa mara mbili na pumzi inatosha kuandika. Marlène na wa nyumbani wamepimwa, hawana.

Jumamosi hii ni tarehe 27. Nilimwomba Zénon tusogeze. Amekataa, anasema ameshasikia sababu nyingi za kutokunywa naye. Watakuja na mbuzi na jembe, na wakikuta hakuna mkubwa mbele ya kibuyu wataondoka na hawatarudi tena.

Kiti ni chako. Sikupi kwa sababu naumwa. Ningekuwa mzima labda nisingekupa, nakuambia ukweli. Lakini hakuna mwingine. Enda ukae pale, yaya. Utakachofanya na kibuyu siwezi kukushika mkono kutoka kitandani.

Epiphanie anangoja getini, hataki kuingia. Nitamtupia barua.

Gaspard


Dzaleka, tarehe 30 Agosti 2022

Gaspard mudogo wangu,

Pumzi iko namna gani? Ukisoma hii, kabla ya kusoma mengine, mwambie Epiphanie getini: pumzi iko, au pumzi haiko. Nimemuamuru asirudi Dzaleka bila neno hilo, hata kama vitenge vinamungoja.

Sasa nikupe habari ya mahari ya mujukuu wangu, tena mutoto wako pia. Nitakupa yote namna ilikuwa, hata pale sipendezi.

Nilifika asubuhi kabla ya bote. Koti la kijivu, viatu nimepaka. Marlène alikuwa ameweka mukeka nje, chini ya turubai, hewa inapita, hakuna mutu aliruhusiwa kukaa ndani ya nyumba. Kibuyu katikati. Kiti moja cha mbao mbele yake. Akaniambia, “Shikamoo muzee, kaa.” Nikakaa. Sitakudanganya, Gaspard, kiti kilikuwa kitamu. Nilikaa nikapanua mabega. Nilitaka ule mugeni wa Uvira apite aone.

Na katika mufuko wa ndani wa koti nilikuwa na murija. Nilikata mwenyewe kando ya muto siku mbili kabla, nikakausha, nikasugua. Njo nakuambia yote.

Bakafika. Muzee Zénon, ndugu zake bane, bamama, mbuzi bawili banalia kama banajua. Na neno la kwanza la Zénon kabla hata ya salamu: “Gaspard iko wapi?” La pili, ndugu yake: “Tulifikiri papa Gaspard njo ataongea.” Hata bamama ba kwako: “Maskini Gaspard, angeongea vizuri.” We umelala Area 18 na bado uko mbele yangu! Nikakohoa kusafisha koo ili nianze, na bote bakajivuta nyuma bakaniangalia. Kukohoa tu. Sikuwa mugonjwa, banipime leo. Lakini namna baliniangalia.

Niliongea. Niliongea vizuri, hiyo utaisikia kwa bengine. Nikataja baba yetu, nikataja Narcisse, mbuzi bakakubaliwa, jembe likapokelewa. Kiisha Zénon akajisogeza kwenye mukeka, akapiga mikono: “Sasa, muzee Byamungu, mwenye desturi. Tuonjeshe.”

Marlène akatoka na sinia ya vikombe. Akaiweka chini karibu na muguu wangu. Hakuniangalia. Alivipanga vikombe upya moja moja kwenye sinia, ule mutoto niliyemubeba siku tatu na hakulia hata mara moja.

Nikachukua kata. Nikachota, nikamimina kikombe kimoja, nikakiinua juu bote bakione, nikakunywa mpaka chini. Kiisha nikachota cha pili nikamupa Zénon.

Hakukipokea. Akasema, “Na murija? Ni we ulikuja kwangu, Byamungu. Ulikaa kwenye kigoda changu. Ulisema mutu asiyekunywa na we hakupendi.”

Nikasema, “Nilikuja.”

“Sasa?”

“Nilikuja na wivu ya mudogo wangu. Kilikuwa hiki kiti nilikitaka, si murija.”

Bantu bakacheka kidogo. Zénon hakucheka. Akasema, “Wivu ni ya kwenu. Mi nauliza juu ya kikombe. Korona iliisha, bote banajua, Cishahayo mwenyewe kwenye kazi yake anashika mukono ya bantu mia kwa siku. Kikombe hiki ni cha nini?”

Cishahayo alikuwa anaangalia viatu vyake. Nikaona ndoa inasimama, inachukua koti, inataka kwenda. Kama ningetoa ule murija kwenye mufuko, yote ingekwisha kwa kicheko na nyimbo, na mi ningekuwa mukubwa mbele ya bote, na Marlène angeolewa na mutu mwingine siku nyingine, au asiolewe.

Nikasema. Nilisimama nikasema, juu maneno yale hayasemwi kwa kukaa. Nilisema: “Muzee Zénon, bakwe, sikieni. Bonane ile ya mwaka jana nilikaa hapa hapa, kwenye kiti hiki. Nilikuwa na kikohozi. Nilikuwa nakijua tangu siku tatu, usiniulize kama nilikuwa nakijua. Shemeji yangu Fidès aliomba kikombe, nikamucheka mbele ya bantu, nikasema ananiita muchawi. Nikampa murija wangu. Siku ya kumi na nane alikufa. Bantu baliambiwa presha. Haikuwa presha. Ilikuwa mudomo wangu.”

Gaspard, mbuzi tu njo balikuwa banaongea.

Mi sijui kulia mbele ya bantu, kwa hiyo nikaendelea kusimama na kikombe cha Zénon mukononi, kasiksi inamwagika kwenye kiatu. Ule muzee akafuata mistari ya mukeka na kidole. Kiisha akasema, chini chini, anaongea na mukeka: “Na mama ya Cishahayo alipokufa, sisi tulisema malaria.”

Cishahayo akainua kichwa. Nadhani alikuwa anajua, lakini hakuwa amesikia baba yake anasema.

Ndugu moja ya Zénon akaanza, “Yule wa kwangu baliniambia ni...” akaacha. Mama moja wa jirani yako akajifunika uso na kitenge. Na hakuna mutu alimaliza sentensi yake, Gaspard, lakini bote balikuwa na moja.

Zénon akanyosha mukono. “Leta hicho kikombe, unamwaga pombe ya mutoto.” Akakunywa. Kiisha ndugu zake, kila mutu na chake. Bamama bakapiga vigelegele, si vya nguvu sana mwanzoni, kiisha vya nguvu. Ndoa ni tarehe 8 mwezi wa kumi. Zénon anataka kanisa la hapa, mi nimesema sawa kwa jina lako.

Murija nimeuchoma na kuni, jana, nikipika chai. Na leo asubuhi nilienda kwenye chanjo. Ule dada wa kituo akauliza miaka, nikamuambia, hakuamini, akasema muzee uko na nguvu. Aliniambia hivyo mbele ya bantu. Sindano sikuisikia hata.

Sasa neno la mwisho, na hili usibishane nami, juu mi njo nilikuwa pale na mi njo mukubwa. Uliandika ulimuambia Fidès kunywa. Hukusema. Nilikuwa nimekaa karibu na we kuliko mutu yeyote, mukono wangu juu ya bega lako, na nilisikia yote iliyosemwa kwenye mukeka ule. Ni mi niliongea. We ulikuwa kimya. Uliota kitu hicho kiisha, wakati wa homa yako ile ya mwaka jana au wakati wa matanga. Kama hunikubali, Epiphanie alikuwa amekaa nyuma yetu siku ile, muulize getini. Muulize katekista, alikuwepo na alikula sahani mbili. Na Marlène alikuwa mulangoni. Nilimuuliza Jumapili, kabla sijarudi huku, mbele ya Cishahayo, akafikiri kidogo, akaniangalia, akasema: “Ndiyo, babu. Papa alinyamaza.”